Sura ya Saba: Kozi wa Mnara wa Tolley

Uvundo ulimpokea Sajini Joash kabla hajafika juu. Alikuwa amebakisha vipago kumi vya ngazi ya chuma, mnara mzima wa nafaka wa Bwana Tolley uko chini ya miguu yake, na tayari pua ilikuwa inamwambia ateremke arudi zake Nakuru. Akasonya. Miaka kumi na moja katika polisi, sita kati yake CID, na leo kazi yenyewe ni kupanda mita ishirini kwenda kuchokora mavi ya ndege.

"Afande, uko hai?" Konstebo Dualeh alipaza sauti kutoka chini.

"Panda uje uone mwenyewe!"

"Mimi mtu wa ngamia, afande. Umeona ngamia wapi anapanda ukuta?"

"Ngamia angenifaa kuliko wewe. Shika hiyo ngazi, wacha domo!"

Pale chini, kando ya mkono wa Dualeh, palikuwa na kibao kilichopakwa rangi nyeupe safi. Kiliandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili cha kubabaisha kwamba hakuna ruhusa ya mtu yeyote kupanda, ndege analea. Kibao kizuri, kimetiwa vanishi mvua isikiharibu. Jiko ambalo watoto wa laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba, walinyweshwa uji, mita mia tatu kutoka hapo, halikuwa hata na mlango.

Watoto wanne walikuwa wamekufa. Jumanne ya tarehe kumi na nane Juni, mwaka huo wa 1957, mama mmoja anaitwa Wachuka alipika uji wa watoto wa wachuma pareto kama apikavyo kila asubuhi. Kufika saa nne watoto tisa walikuwa chini wanatetemeka, macho yamegeuka, povu mdomoni. Watano walipona. Daktari wa serikali Nairobi akapima masalio ya sufuria, akaandika kwamba mna sumu ya kuua wadudu, aina inayotiwa katika majosho ya ng'ombe na katika mbegu za kupanda. Josho la Tolley lilikuwa na kufuli bovu. Wachuka alikuwa Mkikuyu, mume wake alikuwa kizuizini, na hakuonja uji wake mwenyewe. Basi. Mkuu wa polisi alifunga kesi kichwani kabla chai yake haijapoa. Leo ilikuwa Ijumaa, tarehe ishirini na nane. Jumatatu mama huyo alikuwa anapandishwa kizimbani kwa mauaji, na kwa wakati ule, kwa mtu kama yeye, kizimba na kitanzi vilikuwa jirani mno.

Asubuhi hiyo Joash alikuwa amemwona seli. Alimkuta ameketi sakafuni, kitambaa kimemvuka kichwani, hakuhangaika kukirudisha.

"Mama, mbona hukuonja?" alimuuliza.

"Uji unapimwa, afande. Kata moja, mtoto mmoja. Nikionja mimi, kuna mtoto atakosa. Unafikiri ni harusi?" Kisha akamtazama moja kwa moja. "Wangare wangu alikunywa wa kwanza. Nani anakaa naye hospitali?"

Wangare, miaka mitano, alikuwa mmoja wa wale watano. Alikuwa peke yake wodini.

Kutoka seli Joash alikwenda akafungua kitabu cha OB, kile cha kuandikia kila ripoti inayoletwa stesheni, akarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa akitafuta jina la shamba hilo. Kazi ya kuchosha, lakini ndiyo kazi. Na hapo, tarehe kumi na moja Juni, wiki nzima kabla ya uji, akakuta malalamiko marefu ya Bwana Tolley. Mtu amewapa sumu kozi wake, ndege wa kuwinda wanaolea juu ya mnara. Jike limekufa jana yake likitetemeka. Tolley alikuwa amejaza hata yasiyoulizwa: kwamba yeye mwenyewe aliwawekea sanduku la mchanga, na kwamba mchanga huo aliubadilisha wote kwa mkono wake tarehe mosi Mei. Pembeni afisa fulani alikuwa amechora ndege mwenye kofia, wakacheka, wakasahau. Joash hakucheka. Ndege alikufa akitetemeka, na wiki moja baadaye watoto wakafa wakitetemeka.

Ndiyo maana alikuwa juu ya ngazi.

Alipotoa kichwa kwenye ukingo, kitu kilipita sikioni mwake kwa mvumo, kofia ikaruka. Kozi dume alikuwa amemshukia kutoka huko mawinguni, akapinda, akapanda tena akipiga kelele, kek-kek-kek, kifua cheupe chenye michirizi, mabawa yamechongoka. Joash alilala kifudifudi juu ya zege na kutukana kwa Kiluhya.

"Afande, kofia yako imefika salama!" Dualeh aliita.

"Funga mdomo!"

Akatambaa. Ukingo ulikuwa mpana kiasi cha mtu kulala, na pembeni, chini ya bomba nene la kupandishia nafaka, kulikuwa na sanduku la mbao lililojaa mchanga. Kozi hajengi kiota. Yeye hukwangua kishimo tu na kutaga, na kama hana jabali, ukuta wa mtu unamtosha. Humo alikuwa ameketi kifaranga mmoja, mkubwa kama kuku, manyoya nusu, macho meusi ya jeuri. Alimfungulia Joash mdomo na kumzomea. Nyuma yake vifaranga wawili walikuwa wamekauka, bapa, sisimizi wakipita ndani na nje ya macho.

Na uchafu! Mungu wangu. Mabawa ya njiwa yaliyong'olewa, miguu myekundu imekunjika, vifua vimebaki mifupa, vichwa vinavyochezeshwa na funza. Mavi meupe yamegandisha kila kitu pamoja. Nzi walipanda kwa pamoja, wakamwingia puani, mmoja akamwingia mdomoni, akamtema. Joash alifumba macho, akavuta pumzi kwa kitambaa, akajiambia atatapika baadaye kwa nafasi yake.

Akatoa kisu na bahasha za vielelezo, akaanza.

Alichimba kama mtu anayekata keki, kutoka juu kwenda chini. Kozi anakula nyama. Nafaka hana haja nayo. Anapompasua njiwa, anakutana na ule mfuko wa shingoni ambamo njiwa huhifadhi alichookota, anaurarua na kumwaga vilivyomo. Kwa hiyo kila njiwa aliyeliwa pale alikuwa ameacha chakula chake cha mwisho kando. Tabaka la juu, lenye nyama bado mbichi, lilikuwa na mahindi meupe, vipande vipande. Bahasha ya kwanza. Akaenda chini kidogo, nyama imekauka, funza wameshaondoka. Hapo akasimamisha kisu.

Punje zilikuwa nyekundu, wekundu wa kucha za memsahib. Akazikwangua kwa ncha ya kisu, punje kumi, ishirini, arobaini, nyingine bado zimo ndani ya mfuko wa ngozi uliosinyaa. Hayo hayakuwa mahindi ya kula. Yalikuwa mbegu zilizopakwa dawa kiwandani, na rangi ile hutiwa makusudi ili mtu hata asiyejua kusoma ajue kwamba hiyo ni sumu. Akachimba zaidi. Nyekundu. Zaidi. Nyekundu, halafu mchanga mtupu.

Joash aliketi kitako kwenye kinyesi bila kujali suruali ya serikali. Wanyoike, karani wa stoo, alikuwa ameapa na kutia sahihi kwamba mbegu zote zilipandwa zikaisha Aprili. Mchanga uliwekwa Mei mosi. Kilicho juu ya mchanga hakiwezi kuwa cha Aprili. Na njiwa hawa walikuwa wa humu humu mnarani, wanalala kwenye mabati ya stoo na kuokota mlangoni mwake. Mbegu ilikuwepo stoo Mei, ikawepo Juni, kisha siku moja ikatoweka, njiwa wakarudi kwenye mahindi meupe. Stoo ilikuwa imefagiwa, ikaoshwa, ikapakwa chokaa. Joash aliikagua juzi akakuta inang'aa. Huku juu hakuna aliyepanda na ufagio, kwa sababu ya kile kibao.

Dume akashuka tena. Safari hii Joash aliinama mapema.

Chini, Dualeh alirudi nyuma hatua tatu. "Afande, kwa heshima zote, unanuka kama fisi."

"Niletee Wanyoike."

Wanyoike alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Alipoona ile bahasha iliyofunguliwa juu ya gunia, kalamu zile zilianza kugongana.

"Hizi ni nini, karani?"

"Ni... ni mahindi, afande."

"Rangi gani?"

"Nyekundu."

"Uliapa ziliisha Aprili."

"Labda ndege walitoa shamba la mtu mwingine. Rongai ina mashamba mengi."

"Labda." Joash alivuta kiti, akakaa, akamwacha yeye amesimama. Uongo huu haukuwa mbaya, na wakili yeyote angeushika. Ilibidi aupitie upande mwingine. "Wewe unapata posho hapa?"

"Ndiyo, afande. Kila Jumatatu. Unga ratili kumi na nne."

"Unga huo huo wa jikoni kwa watoto?"

"Huo huo. Mahindi ya stoo, yanasagwa hapa."

"Ile Jumatatu ya tarehe kumi na saba ulichukua?"

"Nilichukua."

"Jumanne nyumbani kwako mlikula nini?"

"Ugali."

"Wa unga gani?"

Wanyoike akazishika kalamu zake.

"Ulipokuwa unatafutwa nimepita kwa Ishak dukani, hapo Rongai," Joash alisema. "Anasema mke wako Mugure hakuwa amewahi kununua unga kwake tangu wafahamiane, miaka minane, maana mna wa bure. Jumatatu ile saa kumi na moja jioni akaja kununua. Jumatatu iliyofuata tena. Na ule wa posho? Mliupeleka wapi?"

"Tuliumwaga chooni," Wanyoike alisema, sauti imekwisha.

"Eh! Chooni."

"Afande, nina watoto watano."

"Na wale wengine walizaliwa na nani? Na mawe?"

Karani akaanza kulia, kilio cha kamasi. Funza wa kule juu mnarani walikuwa wasafi zaidi. Mtu huyu alikuwa amejua. Alijua Jumatatu jioni, akamtuma mke wake dukani, kisha akalala usingizi akingoja watoto wa watu wapange foleni na vikombe vyao.

"Sema."

"Bwana alisema yatolewe stoo. Jumamosi ile, tarehe kumi na tano. Magunia sita yalikuwa yamebaki. Alisema tuoshe kwenye pipa mpaka rangi itoke, tuanike, tusage, tupeleke laini. Tuliosha mara tatu. Rangi ilitoka, afande! Yalikuwa meupe kabisa. Lakini maji tuliyomwaga... bata wa nyapara walikunywa wakafa wote."

"Ukamwambia Bwana?"

"Bwana haambiwi kitu."

"Na mtu alipouliza, ukasema mbegu ziliisha Aprili, Wachuka akabebwa na pingu. Unamjua Wachuka?"

"Ni wa kwetu. Ni binti ya shangazi yangu."

Dualeh, ambaye hakuwahi kukosa neno tangu azaliwe, aligeuka akatazama ukutani.

Joash aliandika maelezo yote, akamsomea, naye karani akatia sahihi. Lakini hakujidanganya. Mkuu wa polisi angelisoma jina Wanyoike, halafu jina Wachuka, angecheka: mtu na binamu yake, wanatetea damu yao. Karatasi ile peke yake haikutosha kumtoa mama yule seli. Ilihitajika kalamu ya mzungu mwenyewe, na sajini Mwafrika hana mamlaka ya kumhoji mzungu juu ya mauaji bila afisa mzungu kusimama kando yake.

Lakini malalamiko ya mzungu yaliyo kwenye OB, hayo sajini anaweza kuyashughulikia. Kwani kazi yake ni nini?

Bwana Tolley walimkuta kwenye veranda akinywa chai. Mrefu, mwekundu shingoni, miguu wazi ndani ya kaptula. Alimtazama Joash kuanzia viatu vilivyojaa mavi mpaka shati, akamfokea kwa Kiswahili kile kile cha kibao.

"Wewe nataka nini hapa? Nanuka sana!"

"Nimekuja kwa ile ripoti yako ya ndege, Bwana. Tarehe kumi na moja."

Uso wa Tolley ulibadilika kama wa mtoto aliyeletewa peremende. Akaweka kikombe.

"Ndege? Sasa? Siku kumi na saba mimi nangoja! Polisi ya Nakuru nalala tu!" Lakini alikuwa tayari amesimama. "Wewe napanda juu? Toto yangu iko mzima?"

"Mzima, Bwana. Mkali sana."

"Ha! Mzuri! Kama mama yake." Macho yalijaa maji, kweli kweli, machozi ya mtu mzima. Tarehe kumi na nane, watoto wanne walipozikwa nyuma ya pareto siku hiyo hiyo, Tolley alikuwa ametuma sanda za magunia na hakufika. Joash alilijua hilo kwa nyapara. Aliuma meno akatoa karatasi.

"Niandike maelezo, Bwana, ili mkosaji apatikane. Ulijuaje ni sumu?"

Tolley aliingia ndani, akatoka na daftari la ngozi. Kila siku ya kozi ilikuwa mle kwa Kiingereza, mwandiko mdogo safi: saa walizoruka, njiwa waliokamata, siku mayai yalipopasuka. Alimsomea Joash kwa kidole, akitafsiri kwa Kiswahili chake, na Joash aliyasoma mwenyewe kimya, maana shule ya misheni haikumpita bure. Juni kumi, jike limeanguka likitetemeka. Juni kumi na tatu, kifaranga wa kwanza. Juni kumi na nne, wa pili. Nimempasua njiwa, tumbo limejaa mbegu nyekundu kutoka stoo yangu. Juni kumi na tano, nimeamuru mbegu yote iondolewe stoo leo leo.

"Kumbe Bwana aligundua mwenyewe," Joash alisema.

"Mimi hapana mjinga. Njiwa nakula mbegu, kozi nakula njiwa, kozi nakufa. Mimi naita Wanyoike, nasema: toa hii yote, osha, saga, peleka laini."

Joash aliandika.

"Yalikuwa magunia mangapi?"

"Sita."

"Na Bwana hakuogopa watu wataumwa?"

"Naosha mara tatu! Mahindi naoshwa ni mahindi. Ile mwanamke naleta dawa ya josho, hiyo maneno ingine, kesi ya mkuu wa polisi. Mimi na wewe nasema maneno ya ndege."

"Ndiyo, Bwana. Ya ndege." Joash alifungua ukurasa mwingine. Alikuwa na swali moja lililomkaa kooni tangu Wanyoike aseme, na sasa aliliuliza kwa upole, sauti ya mtu asiyejua kitu. "Lakini Bwana, kama uliona ni sumu, mbona hukuyatupa shimoni tu?"

Tolley alimkodolea macho, kisha akatabasamu kama mwalimu mbele ya mwanafunzi mzito.

"Shimo? Wewe fikiri kidogo, sajini. Mimi natupa shimo, njiwa naona, nashuka, nakula. Kesho kozi nakamata ile njiwa. Mimi nabaki toto moja tu kule juu! Lakini kwa laini hapana baki kitu. Watu nakula, siku mbili nakwisha yote."

Dualeh, aliyesimama chini ya ngazi za veranda, alitema mate kwenye maua ya Bwana. Joash aliona kinyaa kikimpanda kutoka unyayoni, kinyaa ambacho maiti zote alizopindua katika miaka kumi na moja hazijawahi kumtia, na alitamani kumtapikia mtu huyu palepale juu ya kitambaa cha chai. Badala yake aliandika neno kwa neno, mpaka nukta. Akaongeza daftari la ngozi kwenye orodha ya vielelezo, akampa Tolley risiti yake, na Tolley akaipokea kwa shukrani.

"Bwana ana neno lingine la kuongeza?"

"Ndiyo. Andika hapo," alisema Tolley, akifungua kalamu yake ya wino. "Mtu ya kufanya hii maneno, mimi nataka yeye nafungwa. Hapana huruma hata kidogo."

Joash aliliandika na hilo, akamgeuzia karatasi, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi.